Injini Inazima Katikati ya Ziwa

*Mshauri, ninaishi Lumumba, hapa Bunia. Marehemu mume wangu aliniachia mashua moja kule Kasenyi, ina moteri ya esansi ya nguvu-farasi 40. Shemeji yangu ndiye anayeiendesha, anavusha watu na mizigo. Asubuhi moteri inawaka vizuri, lakini ikipata moto inazima ghafla. Ikipoa, inawaka tena. Fundi alikuta mpira wa nyaya umepasuka, akazungushia utepe. Haikupita muda, tatizo likarudi. Shemeji anasema tumerogwa kwa wivu. Mimi nahisi anauza esansi na kuongeza maji. Hatusemezani tena. Nifanye nini?*
*— Mama Mjane, Lumumba*

Mama yangu, pole kwa msiba, na pole kwa mzigo ulioachiwa.

Nianze na shemeji yako. Esansi yenye maji mara nyingi husumbua tangu kuwasha. Haingoji moteri ichemke. Moteri inayozima ikipata moto na kuwaka ikipoa, huku mpira wa nyaya umeshapasuka, kwanza huchunguzwa umeme wake. Usimhukumu ndugu wa mumeo kabla ya kufanya hivyo.

Moteri nyingi za aina hiyo zina waya wa kuzimia. Ukibonyeza swichi, waya huo unaunganishwa na chuma cha injini, cheche inakatika kwenye bujii, moteri inanyamaza. Basi mpira ukipasuka na shaba ikagusa chuma, moteri huzima vilevile, ingawa hakuna aliyebonyeza kitu. Joto na mtikisiko ndivyo vinavyousogeza waya mpaka uguse.

Mwambie fundi aipime ufukweni, mashua imefungwa na moteri iko ndani ya maji. Autenge waya wa kuzimia, ambao kwenye Yamaha nyingi ni mweupe, aufunike ncha, kisha awashe mpaka moteri ipate moto. Ikiendelea kunguruma, kosa liko kwenye waya huo au swichi yake. Kuizima, akate esansi au avute choki. Ikiwaka, mtu asishike nyaya: zile zinazolisha cheche hubeba mamia hadi maelfu ya volti.

Ikizima hata hivyo, aangalie nyaya zinazotoka chini ya volan, lile gurudumu zito la juu. Azikunje taratibu kwa vidole. Mpira ulio hai unapinda na kurudi. Uliokufa unapukutika kama ganda la yai, na hapo utepe hausaidii: unaficha ufa mmoja na kuacha mingine, tena joto na mafuta huyeyusha gundi yake.

Ufa ukiwa sehemu moja tu, na waya uliobaki ni laini, akate kipande kibovu. Aunge waya mpya wa shaba wa nyuzi nyingi, unene uleule, aubane kwa kiungio, kisha auvishe mpira unaosinyaa kwa joto. Asitumie waya mgumu wa nyumba, mtikisiko utauvunja. Lakini nyaya zikipukutika mpaka kwenye shina la koili iliyo chini ya volan, nunua koili pamoja na nyaya zake. Volan ing'olewe kwa chombo chake, isigongwe nyundo, kwa sababu sumaku zilizo ndani hupasuka au kubanduka.

Najua pesa ni ngumu. Hata hivyo, Ziwa Albert halina huruma kwa mashua isiyo na nguvu: ikipoteza mwendo, mawimbi huigeuza ubavu. Machi 2014 mashua ya wakimbizi Wakongo waliokuwa wakirudi kutoka Uganda ilizama katika ziwa hilihili, watu zaidi ya 100 wakafa. Ile ilijazwa kupita kiasi. Fikiria basi mashua iliyojaa, na moteri imezima.

Mwite shemeji, shukeni wote Kasenyi, fundi afungue kifuniko mbele yenu. Akiona ufa kwa macho yake, hatahitaji kumtafuta mchawi, na wewe hutahitaji kumtafuta mwizi. Mpaka moteri imenguruma ikiwa na moto bila kuzima, usikubali abiria hata mmoja apande. Na siku mtakaporudi majini, makasia yawemo, na kila abiria avae jaketi lake la kuokolea.