Kuwaleta Wasomaji kwa Njia ya Mitandao ya Kijamii: Somo kutoka Bagamoyo



Tunaendelea na masomo yetu ya mawasiliano. Mafrateri, walimu na vijana wa parokia wengi wanaanzisha tovuti ndogo za makala. Wanaandika kwa bidii, lakini baada ya miezi miwili wasomaji ni wale wale kumi: ndugu na marafiki. Hapo wengine hukata tamaa, na wengine huanza kutafuta watu kwa vichwa vya habari vya kushtua. Je, tunaweza kuitumia mitandao ya kijamii kuwaleta wasomaji bila kuwadanganya?

Tuchukue mfano wa kikundi kinachoandika historia ya pwani, kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupitia Kaole na Bagamoyo, hadi Saadani.

1. Tuwafuate watu walipo

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Padre Antoine Horner na wenzake waliandika barua kuhusu watumwa waliokombolewa, mashamba na maisha ya misheni. Barua hizo zilichapwa katika majarida ya kimisionari ya Ufaransa, ambayo tayari yalikuwa na wasomaji. Habari za Bagamoyo zilipelekwa pale watu walipozoea kusoma.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Wazazi na wanajumuiya tutawapata zaidi katika makundi ya WhatsApp. Wanabagamoyo wanaoishi mbali, katika Facebook. Vijana, katika Instagram na TikTok. Kikundi kipya kisikimbilie kote. Kichague sehemu mbili na kuzihudumia vizuri.

2. Tutoe kitu kabla ya kuomba kitu

Kutupa kiungo kitupu ndani ya kundi ni sawa na kupita nyumba ya mtu bila kubisha hodi. Tusalimie, tutoe jambo moja kamili, ndipo tuweke kiungo. Kwa mfano: "Habari za jioni, wapendwa. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, uliobebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka bara, ulifika Bagamoyo na kulazwa katika kanisa la misheni kabla ya kupelekwa Uingereza. Safari hiyo tumeieleza hapa." Asiyefungua kiungo amepata kitu. Anayefungua anajua anachokifuata.

Kila mtandao una taratibu zake. Katika Instagram kiungo kilichoandikwa chini ya picha hakibonyezeki. Kiwekwe kwenye utambulisho wa akaunti. Katika WhatsApp, tangu mwaka 2020, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tusitegemee "sambaza kwa watu 20". Maneno machache ya mtu anayefahamika, katika kundi lake mwenyewe, yana nguvu zaidi.

3. Kichwa cha habari kiwe kweli hata kikisomwa peke yake

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Watu wengi hawatafungua kiungo: bando ni dogo, au wana haraka. Watakachobaki nacho ni kichwa na picha.

Tuseme tumeandika juu ya jina la Bagamoyo. Maelezo yanayojulikana sana husema ni "bwaga moyo", kilio cha watumwa waliokata tamaa walipofika pwani. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba maneno hayo yalikuwa ya wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu, waliotua mizigo na kupumzisha moyo baada ya safari ndefu kutoka bara. Kichwa kama "Siri ya jina Bagamoyo waliyoificha!" kitavuta watu. Lakini ni nani hao "waliyoificha"? Kila msomaji atajaza jibu lake, na atamtazama jirani yake. Bagamoyo ni mji ambamo Waislamu na Wakristo wanazikana na kualikana harusini. Historia ya utumwa inaumiza, nayo isigeuzwe chambo. Tuandike: "Jina Bagamoyo: kilio cha mtumwa au pumziko la mpagazi?" Kichwa hiki nacho kinavuta, na hakimsingizii mtu.

4. Picha na sheria

Picha ya mtoto wa Komunyo ya Kwanza au ya mgonjwa isitumike kuvutia wasomaji bila ridhaa ya mhusika. Kwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatukumbusha wajibu huo. Vilevile Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizoandikwa upya mwaka 2020, zimeweka utaratibu wa leseni. Kabla ya kuanza, tuulize TCRA kama kazi yetu inahusika.

5. Tupime kilicho cha kweli

Idadi ya waliobonyeza "napenda" si idadi ya waliosoma. Kila mwezi tuangalie mambo matatu: wangapi walifungua makala, wangapi walirudi, na wangapi waliuliza au kusahihisha. Mzee wa Kaole anayetuma ujumbe wa sauti akisema, "Hapo mmekosea, wanangu," ni msomaji wa thamani. Tumjibu kwa heshima, tuchunguze, na tukisahihisha tutangaze masahihisho mahali pale pale tulipotangaza makala.

Maswali ya kujadiliana

1. Kichwa cha makala yetu ya mwisho kinasema nini kwa asiyeisoma?
2. Je, tungethubutu kukisoma kwa sauti mbele ya wale kinaowataja?
3. Ni kundi gani moja tunaloweza kulihudumia vizuri mwezi huu?