Ahadi ya Bandari ya Lamu

Ndugu msomaji, katika somo hili twataka kuitazama ahadi moja kubwa waliyopewa watu wa Lamu, tujue ilikwama wapi na ni nani aliyeilipia.

Tarehe 2 Machi 2012 walikutana Lamu Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, wakazindua ujenzi wa bandari mpya katika hori ya Manda. Ilisemwa kuwa itakuwa na magati 32, na pamoja nayo reli, bomba la mafuta, kiwanda cha kusafishia mafuta hayo na mji wa watalii. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Yaliyojengwa ni matatu. Reli haikufika, bomba halikulazwa, wala kiwanda hakikusimama.

Ama sababu yake si uvivu wa mafundi. Bandari huishi kwa shehena, na shehena hii ilikuwa mikononi mwa wengine. Sudan Kusini iliingia vitani Desemba 2013, na mafuta yake yakaendelea kupitia Sudan. Ethiopia ilipata reli ya kwenda Jibuti mwaka 2016, na mwaka huo huo Uganda ikachagua kulipitisha bomba lake Tanga. Basi ahadi ya Lamu ilikuwa imesimama juu ya ahadi za majirani watatu, na kila mmoja ana haja zake.

Sisi hatusemi kuwa bandari ni kitu kibaya. Watu wa Lamu walizijua meli kabla ya babu zetu kuzaliwa. Tunalolitazama ni kwamba sehemu moja ya mambo haya ilitimia upesi sana, nayo ni gharama. Bahari ilichimbwa, mikoko ikakatwa, na mvuvi wa dau na mtumbwi akapoteza maji ya ndani aliyoyategemea. Wanaomwambia aende mbali zaidi hawajaiona bahari ya nje wakati wa kusi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu hiyo ya madhara ilitangulia meli ya kwanza kufunga gatini kwa miaka mitatu.

Tena utazame mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Kwasasi, wa megawati 1,050. Wenyeji walishitaki mapema, na Juni 2019 baraza la kuamua mashauri ya mazingira likaifuta ruhusa yake, kwa kuwa hawakushauriwa ipasavyo. Mtambo huo haukujengwa.