Moyo Unaposimama: Agizo la Kutohuisha katika Huduma za Dharura

Tuchukue mfano wa bibi wa Raskazone mwenye umri wa miaka 78. Moyo wake umedhoofu kwa muda mrefu, na figo zake zimekaribia kushindwa kabisa. Wiki mbili zilizopita alimwambia daktari wake, binti yake akisikia: "Mwanangu, siku moyo huu ukisimama, msinisumbue. Niacheni niende kwa amani." Daktari aliandika agizo na kulitia saini, na karatasi ikahifadhiwa ndani ya sanduku la nguo. Usiku wa Jumamosi bibi anazidiwa. Mjukuu, ambaye hana habari ya karatasi hiyo, anampakia kwenye bajaji na kumkimbiza hospitalini. Wanapofika mlangoni, mapigo ya moyo hayapo. Je, muuguzi wa zamu afanye nini?

Jibu ni kwamba aanze kumhuisha mara moja. Ubongo uliokosa damu huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, wala hakuna nafasi ya kupekua mafaili. Pasipo agizo lililothibitishwa, kanuni ya tiba ya dharura ni kuanza kwanza na kuuliza huku kazi ikiendelea.

Kuhuisha ni nini?

Mwaka 1960 watafiti wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, walichapisha maelezo ya njia ya kuendesha damu kwa kukandamiza kifua bila kukipasua. Leo mtu mzima hukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hivi, huku akisaidiwa kupumua. Njia hii imewaokoa wengi ambao moyo ulisimama ghafla: aliyezama baharini, aliyepigwa na umeme, aliyepatwa na shambulio la moyo. Lakini kwa mgonjwa ambaye viungo vyake vimechakaa kwa maradhi yasiyotibika, moyo hurudi kwa nadra, na mara nyingi mbavu huvunjika. Kwa mgonjwa kama huyo, kuhuisha kwaweza kurefusha kufa badala ya kurefusha maisha.

Agizo linasema nini, na halisemi nini?

Agizo la kutohuisha linahusu jambo moja tu: moyo au pumzi ikikoma, kifua kisikandamizwe. Halisemi mgonjwa anyimwe dawa ya maumivu, oksijeni, maji, usafi wala faraja. Aliye na agizo akipaliwa na chakula au akivuja damu kwa ajali, hutibiwa kama mwingine yeyote, isipokuwa agizo lenyewe limeeleza vingine. Tiba shufaa, ambayo Hospitali Teule ya Muheza katika mkoa huu ilijulikana kwayo, ndiyo inayochukua nafasi pale ambapo kuponya hakuwezekani tena.

Hapa lugha hututega. Jamaa wakiambiwa "hatutamfufua", husikia kwamba uhai umo mikononi mwa daktari naye anaunyima. Ni heri kusema: "Tutaendelea kumtunza na kumwondolea maumivu. Moyo ukisimama wenyewe, hatutaukandamiza, kwa sababu hautamletea nafuu."

Nani anaamua?

Tanzania haina sheria mahsusi ya maagizo haya. Tunategemea ridhaa na maadili ya taaluma. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa tiba. Asipoweza kusema, jamaa huulizwa yeye mwenyewe angetaka nini, si wao wanataka nini. Daktari naye asiandike kwa siri: mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Janet Tracey, iliamua kwamba kutomshirikisha mgonjwa kulivunja haki yake. Kwa Waislamu wenye wasiwasi wa dhambi, wanazuoni wa kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudi Arabia walikwisharuhusu kutohuisha pale madaktari watatu waaminifu wanapokubaliana kwamba hakuna faida.

Turudi kwa bibi yetu

Baada ya dakika kumi binti anafika na karatasi mkononi. Daktari anaisoma, anahakikisha jina na saini, kisha anasimamisha kazi. Mjukuu analia: "Mbona mmeanza, kisha mmeacha?" Aambiwe ukweli: kuanza kulikuwa sahihi kwa sababu hatukujua, kuacha ni sahihi kwa sababu sasa tumejua. Hakuna aliyemuua bibi. Maradhi yamefika mwisho wake.

Kosa, kama lipo, lilikuwa ndani ya sanduku. Kwa hiyo:

1. Agizo liwe na jina la mgonjwa, tarehe, sababu, majina ya walioshauriana, tiba zitakazoendelea, na saini ya daktari.
2. Nakala ikae kwenye faili, na nyingine mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua.
3. Mgonjwa akipewa rufaa, agizo lisafiri naye.
4. Lipitiwe upya hali inapobadilika. Mgonjwa anaweza kulifuta wakati wowote, hata kwa neno la mdomo.

Ewe msomaji, kama nyumbani kwako yumo mzee mgonjwa, muulize leo, angali anaweza kujibu. Nawe mhudumu wa afya, usingoje usiku wa Jumamosi ndipo uanzishe mazungumzo haya.