Shada la Nyuzi Nne
Somo: Kutoka 20:13, Mathayo 5:21–24

Mara nyingi twawasikia mkisema ya kuwa mwataka kusali, lakini maneno yawaishia. Sisi wachungaji yatuishia upesi zaidi. Maana kinywa kisalicho mbele ya watu kila Jumapili huzoea, na moyo husalia nje mlangoni.

Peter Beskendorf, kinyozi wa mji wa Wittenberg, alimwuliza Martin Luther habari hiyo hiyo, naye Luther akamwandikia kitabu kidogo kilichopigwa chapa mwaka 1535. Hakujifanya mtu asiyepoa. Alikiri kwamba kazi na mawazo humpoza moyo; ndipo hutwaa Zaburi zake, huingia chumbani au kanisani, na kuzisema Amri Kumi na Imani kama afanyavyo mtoto. Alimwonya pia juu ya wazo lile la kungoja kidogo mpaka jambo fulani limalizike, kwa kuwa jambo hilo huzaa lingine, na siku huisha. Tena alimkumbusha wembe wake: kinyozi apigaye soga na kutazama huku na huku aweza kumkata mtu pua.

Kisha akamwonyesha jinsi ya kusuka kila amri kama shada la nyuzi nne, yaani mafundisho, shukrani, maungamo na ombi. Na tuitwae amri ya tano, ile ikatazayo kuua. Mafundisho: Mungu ameuweka uhai wa jirani yetu chini ya ulinzi wake, naye ataka tumsaidie, wala si kumwacha tu. Shukrani: amri hiyo hiyo ni boma la kutulinda sisi, usiku na mchana.

Uzi wa tatu ndio mgumu. Sisi wenyewe tulipata kugombana na mzee mmoja wa kanisa kwa ajili ya sadaka ya mavuno. Mwezi mzima tulimpa mkono mlangoni pa kanisa bila kumtazama usoni, tukidhani tumetimiza adabu. Asubuhi moja tulipofika kwenye maungamo, hatukuweza kuyapita, maana Bwana Yesu huitia hasira katika amri hii. Ombi letu likawa fupi sana. Tulifunga kitabu, tukaenda kwake kabla hajatoka kwenda shamba. Hakutupokea kwa furaha siku ile, lakini alitupa kiti.

Yatupasa kueleza na mwisho wa habari ya kinyozi. Mwaka ule ule, karibu na Pasaka, alimchoma mkwewe kisu mezani, akafa. Luther na wengine walimwombea huruma, wala hakuuawa, bali alifukuzwa mjini na kupoteza mali yake. Wako wasemao, basi, kitabu kile hakikumfaa kitu. Sisi hatuthubutu kusema hivyo. Twajua tu ya kwamba amri ya tano ilikuwa mikononi mwake, imeandikwa kwa ajili yake, na twaogopa kwa ajili yetu wenyewe.

Basi kesho alfajiri, kabla ya kushika jembe, na ninyi wachungaji kabla ya kufungua barua, twaeni amri moja tu. Msizikimbilie zote kumi. Luther mwenyewe alishauri kwamba Roho Mtakatifu akianza kusema nawe katika uzi mmoja, uziache nyingine, unyamaze na kusikiliza.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaitwaa Imani kwa njia hii hii.