BUIBUI MWINDAJI: MTAMBUE, USIMUUE

Mkulima wa Mtwara, usiku shika tochi karibu na macho yako, umulike majani makavu kando ya nyumba. Ukiona vimeta vidogo kama umande, huenda ni macho ya buibui mwindaji. Mtambue hivi:

1. Rangi yake ni ya kahawia au kijivu, hufanana na udongo. Huenda mbio chini. Wengi wa jamii hii hawategi kwa utando.

2. Ana macho manane: manne madogo chini, mawili makubwa juu yake, na mawili mengine nyuma.

3. Jike huburuta mfuko wa mayai wa mviringo nyuma ya tumbo. Watoto wakitoka hupanda mgongoni mwake. Yule buibui bapa wa ukutani ni mwingine. Yeye huukumbatia mfuko chini ya kifua.

Chakula chake ni wadudu. Katika mpunga hula wale wafyonzao mashina. Basi wewe ulimaye bonde la Ruvuma, usinyunyize dawa ovyo. Dawa humwua mwindaji, na wadudu waharibifu wakirudi huzaana bila adui.

Akiingia nyumbani, mfunike kwa kopo, pitisha karatasi ngumu chini yake, kamwachie shambani. Usimshike kwa mkono, maana akibanwa huuma. Akikuuma, osha kwa maji na sabuni. Maumivu yakizidi nenda zahanati.

Kumbuka: huyu ni kibarua asiyedai mshahara.