SOMO LA UFUNDI: KUGONGA NA KUSAWAZISHA MSUMENO MKUBWA WA DUARA

Mwanachama wa Bukoba au Muleba aliyepanda mipaina au mikaratusi kwenye rweya, zile nyanda za majani zilizo baina ya vijiji vya migomba, hungoja miaka mingi kabla ya kuvuna. Siku ya mavuno gogo lake hupita katika msumeno kwa dakika chache tu. Ikiwa msumeno huo unayumba, kazi ya miaka huharibika katika dakika hizo, na hasara huingia katika daftari la chama pasipo mtu kujua imetoka wapi.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mteja ameagiza mbao za unene wa milimita 25. Msumeno haushiki mstari. Ubao hutoka na milimita 25 mwanzoni na 21 mwishoni. Mpasuaji, ili mbao zisirudishwe, huongeza kipimo hadi milimita 29. Mteja hulipia 25. Milimita 4 zilizozidi katika kila ubao, zikijumlishwa kwa mbao 6, ni milimita 24, yaani karibu unene wa ubao wa saba ambao haukuuzwa. Katibu ataona magogo mengi yakiingia na mbao chache zikitoka, na huenda akamshuku bure mlinzi wa usiku.

Msumeno wa namna hiyo ukishaonekana, mambo mawili hutendeka. Kamati huidhinisha fedha za kununua msumeno mpya, na ule wa zamani huegemezwa ukutani ukaota kutu. Au kijana mwenye nguvu huchukua nyundo ya kupasulia mawe, akaugonga pale anapodhani umepinda. Jambo la kwanza ni gharama ambayo mara nyingi haikuwa ya lazima. La pili ni kuua msumeno ambao ungeweza kupona.

Ili kufahamu kazi ya nyundo, hapana budi kwanza kufahamu yanayoupata msumeno unapozunguka. Msumeno wa kipenyo cha milimita 1,200 una mzingo wa karibu mita 3.77. Ukizunguka mara 700 kwa dakika, jino lake moja husafiri karibu mita 2,640 katika dakika hiyo, yaani mita 44 kwa sekunde. Kwa mwendo huo bamba la chuma, ambalo likisimama huonekana gumu kama jiwe, huvutwa kutoka katikati kwenda nje. Ukingo, ulio mbali zaidi na mhimili, hutanuka. Ukingo uliotanuka katika bamba ambalo katikati yake haikutanuka vya kutosha hauna mahali pa kwenda. Hulegea, ukaanza kucheza kushoto na kulia kama pindo la kanga lililovutwa likapoteza umbo.

Joto huongeza tatizo. Meno ndiyo yakatayo, kwa hiyo ukingo hupata moto kabla ya katikati. Chuma hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukingo ukizidi katikati kwa nyuzi 40 tu, mzingo wa mita 3.77 hutaka kurefuka karibu milimita 1.8. Kwa macho ni kidogo. Kwa bamba lenye unene wa milimita 4 lililobanwa katikati, ni kiasi cha kutosha kuligeuza nyoka ndani ya gogo.

Kwa sababu hiyo fundi hautengenezi msumeno uwe sawa unaposimama. Huutengeneza uwe sawa unapofanya kazi. Huigonga sehemu ya kati ili itanuke kidogo mapema, na ukingo ukabaki umekazwa. Msumeno uliotayarishwa hivyo, ukiwa umelala juu ya meza, katikati yake ni legevu kidogo. Ukifikia mwendo wake, ukingo hutanuka, ulegevu wa katikati humezwa, na bamba lote husimama wima na kukaza. Kiasi hicho cha ulegevu huitwa mkazo wa msumeno. Jina hilo huwachanganya wanaoanza kujifunza, kwa kuwa mkazo mwingi maana yake ni katikati legevu zaidi, wala si gumu zaidi.

Kanuni ya nyundo ni moja: chuma kilichogongwa juu ya fuawe hutanuka pale kilipogongwa. Wazee waliowahi kuona nguo za magome ya mti zikitengenezwa Buhaya wanaijua kanuni hiyo, kwa maana gome hupondwa likapanuka, na likipondwa mahali pamoja kupita kiasi hufanya mfuko usioweza kunyooshwa. Wala ufundi wa chuma si mgeni katika nchi hii. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao Buhaya, wakaeleza kwamba wafua chuma wa ufuko wa magharibi wa Ziwa Viktoria walikuwa wakitengeneza chuma cha pua katika matanuru ya mivukuto zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Hata hivyo, nyundo huja mwisho. Misumeno mingi inayolaumiwa kuwa imepinda haina kosa lolote la bamba. Yafaa mpasuaji aanze na meno: je, ni makali, na je, ncha zake zimepindwa huku na huku kwa kipimo kilekile? Jino la kushoto likizidi la kulia, msumeno utakwenda kushoto hata kama bamba ni zuri kuliko yote mkoani. Magogo yaliyoburutwa juu ya mchanga na changarawe hubeba mawe madogo ndani ya gamba, nayo hula makali upande mmoja kabla ya mwingine. Kuyamenya au kuyasugua magogo kabla ya kupasua ni kazi ya dakika chache. Kisha vitazamwe visahani vinavyobana msumeno kwenye mhimili. Chembe ya unga wa mbao au utomvu mkavu uliobaki nyuma ya kisahani huliinamisha bamba zima, na fundi atakayegonga kuondoa kasoro hiyo atakuwa anauharibu msumeno ili ufuate uchafu. Reli za toroli nazo zipimwe kwa uzi, zisiwe zinalisukuma gogo dhidi ya bamba.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mpasuaji angepaswa kukijua, nacho hakihitaji chombo chochote. Msumeno ukianza kuyumba, injini izimwe na mkanda uondolewe. Bamba likishasimama kabisa, mkono upelekwe polepole karibu na ukingo, kisha karibu na katikati, ili kujua joto liko wapi. Ukingo ukiwa wa moto na katikati baridi, meno ni butu, au nafasi yanayoikata ni nyembamba mno hata bamba linasuguana na gogo, au mkazo umepungua. Katikati ikiwa ya moto na ukingo baridi, kosa li katika beringi, au katika kizuizi kinachougusa msumeno, au unga wa mbao unajazana kati ya bamba na gogo. Katikati imetanuka kwa moto na bamba limekuwa kama sahani. Katika hali hii ya pili kugonga ni kosa kubwa, kwa sababu fundi ataongeza kwa nyundo kile ambacho beringi imekwisha kukizidisha kwa joto.

Mwendo nao usisahauliwe. Msumeno uliogongwa kwa ajili ya mizunguko 700 hauwezi kutulia kwa mizunguko 550. Nguvu inayotanua ukingo hupungua kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo mwendo huo mdogo hubakiza asilimia 62 tu ya nguvu ya awali, na ulegevu wa katikati haumezwi wote. Mkanda unaoteleza au injini iliyochoka huonekana kama ugonjwa wa msumeno. Hili huzipata zaidi zile mashine ndogo ambazo wapasuaji wengi nchini huziita dingidongi, kwa kuwa injini zake hubadilishwa mara kwa mara bila mtu kuhesabu ukubwa wa puli.

Yote hayo yakishachunguzwa na msumeno ukaendelea kuyumba, ndipo uondolewe na kupelekwa kwenye fuawe. Uoshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Mashina ya meno yakaguliwe moja moja. Msumeno wenye ufa haugongwi wala haurudishwi mashineni kabla ya fundi aliyehitimu kuukagua. Vifaa si vingi: fuawe yenye uso laini uliopanda kidogo sana katikati, nyundo yenye uso mrefu mwembamba kwa kazi ya kusawazisha, nyundo yenye uso wa mviringo kwa kazi ya mkazo, rula za chuma zilizonyooka kweli, ndefu na fupi, na chaki. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, kwa maana chuma hugongwa juu ya chuma.

Kusawazisha hutangulia. Rula fupi hupitishwa juu ya bamba pande zote mbili, na kila kilima huwekewa alama: duara kwa kilima cha mviringo, mstari kwa tuta refu, ukifuata uelekeo wa tuta lenyewe. Bamba hulazwa kilima kikiwa juu, kikatandikiwa kipande cha ngozi au karatasi ngumu ili chuma kishuke bila kutanuka sana. Uso wa nyundo ndefu hufuata mstari wa tuta. Ukilikingama, huzaa matuta mawili mapya. Mwanafunzi agonge mara tatu au nne, kisha apime. Wengi hushindwa hapa, si kwa kukosa nguvu bali kwa kuipenda nyundo kuliko rula.

Baada ya hapo ndipo mkazo hurudishwa. Duara kadhaa huchorwa kwa chaki kati ya mahali pa visahani na ukingo, na mistari huchorwa kutoka katikati kwenda nje. Panapokutana mstari na duara, nyundo ya mviringo hupiga pigo moja, bamba likiwa limekaa barabara juu ya fuawe. Mapigo yawe ya nguvu sawa, uzito wa nyundo ukifanya kazi yenyewe. Idadi ya mapigo upande mmoja hurudiwa upande wa pili katika sehemu zilezile, la sivyo bamba litageuka bakuli. Mahali panapobanwa na visahani pasiguswe, wala ukingo ulio karibu na meno. Kuugonga ukingo ni kuurefusha, na ukingo mrefu ndio ugonjwa unaotibiwa. Alama ya pigo jema ni duara hafifu. Alama ya umbo la mwezi mchanga yaonyesha kwamba nyundo imeinama na inakata.

Kupima mkazo, upande mmoja wa bamba huinuliwa kwa mkono huku upande wa pili ukiegemea meza, na rula huwekwa ikikingama na mkono huo. Bamba lenye mkazo huzama kidogo chini ya rula kati ya visahani na ukingo, na mwanga mwembamba huonekana. Mwanga huo sharti uwe sawa kila mahali bamba linapozungushwa, na uwe sawa katika nyuso zote mbili. Pasipo mwanga, pamekaza na panahitaji nyundo. Palipo na mwanga mwingi, pameachwa legevu, na hapagongwi tena. Mkazo ukizidi, bamba hubonyea na kurudi kwa kishindo kama kifuniko cha debe. Kila baada ya duru ya mapigo bamba husawazishwa upya, kwa kuwa kutanua huzaa vilima, na kuondoa vilima hubadili mkazo. Ni kazi ya kwenda na kurudi, nayo haiharakishwi kwa sababu mteja amesimama mlangoni na lori.

Msumeno ukisharudishwa mashineni uzungushwe mtupu kwa mwendo kamili, na mtu yeyote asisimame katika mstari wa bamba. Ukitulia, upewe gogo jembamba, tena polepole.

Ufundi huu haujifunzwi kwa kusoma peke yake. Chuo cha Viwanda vya Misitu (FITI) kilichopo Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1975, hufundisha kazi za viwanda vya mbao pamoja na utunzaji wa misumeno. Chama kinachotaka kumpeleka mtu kichague yule mwenye subira na macho mazuri, na kimtafutie msumeno mmoja uliotupwa wa kufanyia mazoezi. Vilima vya kwanza atakavyovizaa visiwe vya msumeno wa wanachama. Na pale msumeno unapopelekwa kwa fundi wa mbali, kwa meli kutoka Kemondo au kwa basi, katibu aufunge na karatasi yenye habari hizi: kipenyo, unene, mizunguko kwa dakika injini ikiwa na mzigo, aina ya miti inayopasuliwa, na upande ambao gogo hupita. Fundi asiyejua mwendo wa mashine hukisia mkazo, na makisio yake yatasafiri kurudi Muleba kwa nauli ya chama.

Zoezi kwa kikundi cha kujisomea: Wanakikundi wapime unene wa mbao 10 zilizopasuliwa wiki hii, kila moja mwanzoni, katikati na mwishoni, kisha wakadirie ni milimita ngapi zimezidi kipimo kilichouzwa. Wahesabu mwendo wa jino la msumeno wa kipenyo cha milimita 1,000 unaozunguka mara 800 kwa dakika. Mwisho wajadili habari hii: msumeno hupasua vizuri asubuhi, huanza kuyumba katika gogo la tatu, na ukisimamishwa ukingo ni baridi lakini katikati ni ya moto. Ni vitu gani vikaguliwe, na kwa utaratibu gani, kabla mtu hajagusa nyundo?