SOMO LETU: LESENI KWANZA, USUKANI BAADAYE



Katika matawi yetu ya mashamba na viwanda hapa Uganda nimesikia mara nyingi neno hili: "Mimi kuendesha najua, iliyobaki ni karatasi tu." Hata mimi nililisema zamani. Leo tujifunze kwa nini si karatasi tu.

Nilikuwa taniboi wa trekta la kuvuta miwa. Siku moja dereva aliugua. Nyapara akaniambia, "Wewe unajua, peleka trela lile kwenye mizani." Nikapeleka. Njia ilikuwa imelowa nayo inateremka. Trela likanisukuma kutoka nyuma, nikamgonga mkataji miwa mwenzetu, akavunjika mguu. Polisi walipofika, nyapara alisema hakunituma. Barua sikuwa nayo, wala shahidi. Nililipa faini, na kazi ikaisha. Mpaka leo nikimwona ndugu yule akichechemea, nainamisha macho.

Hatua za kupata leseni, au pamiti kama wengi tunavyoiita, ni hizi:

1. Umri. Uwe umetimiza miaka 18. Magari makubwa na ya abiria hudai umri zaidi.

2. Leseni ya mwanafunzi. Hii hupatikana kabla ya kugusa usukani barabarani. Gari libebe alama ya L mbele na nyuma, na pembeni yako akae mtu mwenye leseni kamili ya gari la aina hiyo.

3. Mafunzo. Jiunge na shule ya udereva inayotambuliwa na serikali. Rafiki anaweza kukuonyesha gea na klachi, lakini mara nyingi hukufundisha na makosa yake.

4. Mtihani. Mkaguzi wa magari wa polisi atakupima alama za barabarani na uendeshaji wenyewe. Mimi nilishindwa mara ya kwanza: nilipoondoka mlimani gari lilirudi nyuma. Nilirudia, nikapita. Kurudia si aibu.

5. Daraja. Daraja A ni pikipiki, B ni gari dogo. Lori na trekta yana madaraja yake. Mwenye B akiendesha lori, mbele ya sheria ni sawa na asiye na leseni. Kisha kumbuka tarehe ya mwisho, maana leseni huisha na kulipiwa upya.

Jambo moja ambalo kila mwanafunzi alishike ni mwendo. Gari likienda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Likienda 80 hupita mita 22. Ukimwona mtoto mbele, karibu sekunde nzima hupita kabla mguu haujafika kwenye breki. Tena mwendo ukiwa mara mbili, breki huhitaji nafasi karibu mara nne kulisimamisha gari. Ongeza mzigo wa miwa na tope, utaelewa yaliyonipata.

Wenzetu wanaovuka mpaka wakumbuke: Uganda, Kenya na Tanzania tunapita kushoto, Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia.

Sasa upande wa haki. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 humlinda aliyeumia akiwa kazini. Lakini haifuti kosa la kuendesha bila leseni chini ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1998. Kwa hiyo nyapara akikuagiza uendeshe usichoruhusiwa, mjibu kwa adabu: "Bwana, sina leseni ya chombo hiki." Akishikilia, mwite mwakilishi wa chama papo hapo. Kukataa kuvunja sheria si ukaidi. Na kama kampuni inahitaji dereva, tawi lidai katika mkataba wa pamoja kwamba kampuni igharimie mafunzo, na mfanyakazi akifaulu alipwe mshahara wa dereva, si wa kibarua.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kazini kwetu ni nani wanaoendesha bila leseni, na nani huwatuma?
2. Leseni za madereva wetu ni za daraja linalofaa? Zinaisha lini?
3. Tutaanza vipi kudai mafunzo kutoka kwa mwajiri?

Mguu uliovunjika haurudishwi na faini. Tujifunze kwanza, ndugu zangu.